Kibodi Mbili za Nafiso Kulow

Nafiso Kulow alijua kupiga taipureta tangu hajaolewa. Alikuwa karani katika ofisi ya serikali mjini Garissa, na wakubwa walikuja wakahamishwa, wakaja wengine wakahamishwa, yeye akibaki pale pale na mashine yake. Serikali ilipoanza kupunguza wafanyakazi, jina lake nalo likatajwa. Nafiso hakulia wala hakulalamika. Alikodi chumba kimoja karibu na soko, akaweka meza, akatundika kibao mlangoni: hapa hupigwa chapa barua, maombi, hati za mifugo na kadi za harusi.

Mumewe aliitwa Mahat Salat, dereva wa lori. Alipakia sukari na unga Nairobi, akashusha kidogo Garissa, kisha akaendelea hadi Wajir, na mara nyingine Mandera. Akirudi alibeba ngozi. Walikuwa wameoana muda mrefu, mabinti zao wameolewa, na wao wenyewe hawakuwa wamezoeana sana, kwa sababu Mahat maisha yake yalikuwa barabarani. Akifika nyumbani alioga, akala, akalala, akaamka, akaondoka.

Mwaka wa 1998 kampuni moja ya Nairobi ilifunga ofisi na kuuza vitu vyake. Nafiso akanunua kompyuta. Mahat aliileta mwenyewe, si juu ya mizigo bali ndani, kwenye kiti cha abiria, ameifunga kwa kamba kama mgonjwa asije akaanguka kwenye kona.

"Nimekuletea mke mwenza," alimwambia Nafiso alipomfungulia mlango wa lori.

"Mke mwenza anayefanya kazi, mkaribishe," Nafiso akajibu.

Kazi ikaja kweli. Barua zilitoka safi, bila madoa ya wino mweupe wa kufutia, na ukitaka nakala nyingine hukuhitaji kuanza upya. Lakini yule aliyeitumia kompyuta zamani alikuwa ameacha kitu ndani yake: mchezo wa magari. Mahat ndiye aliyeugundua. Siku moja alikuwa akimsubiri mkewe afunge, akaanza kubonyeza huku na huku, na mara gari jekundu likatokea kwenye skrini, barabara mbele yake, milima kando.

Tangu siku hiyo Mahat alipofika Garissa hakwenda nyumbani kulala. Alikuja dukani. Alikaa pembeni akinywa chai mpaka wateja waishe, kisha akajisogeza kwenye kiti. Aliendesha vibaya sana. Aligonga kuta, aligonga miti, alirudi nyuma akagonga aliyekuwa nyuma yake. Kona ikija, mwili wake wote uliinama upande wa kona, hata kiti kikalia.

Mzee mmoja kutoka Takaba, Abdijabar, alikuja kupigisha barua ya kuomba kisima. Akasimama mlangoni akimtazama Mahat anavyoinama kulia, anavyoinama kushoto.

"Huyu ameshikwa na nini?" alimwuliza Nafiso kwa upole.

"Anaendesha gari, adeer," Nafiso akajibu, akimwita ami kwa Kisomali.

Mzee akachungulia skrini, akaona gari jekundu limebinuka, magurudumu juu. Akatikisa kichwa. "Basi mwambieni apunguze mwendo," akasema. "Hiyo barabara ni mbaya."

Nafiso alicheka, lakini moyoni alikuwa na kero. Mchezo ule uliendeshwa kwa vitufe vyenye mishale, na ule mshale wa kwenda mbele Mahat aliukandamiza kwa kidole gumba kana kwamba ni pedali ya lori lililobeba magunia. Wiki chache zikapita, kitufe kikazama kisirudi. Sasa Nafiso akiwa katikati ya barua na akaona kosa mstari wa juu, hakuweza kupanda kulifikia. Ilibidi atumie kipanya, na kipanya nacho kilikuwa kimejaa vumbi la Garissa tumboni. Ukikivuta kinasimama, ukikisukuma kinaruka kama panzi.

Juu ya hayo kulikuwa na kaseti. Wazee wa amani, waliopatanisha koo zilizogombana, walikuwa wakirekodi mikutano yao, na Nafiso alipewa kazi ya kusikiliza na kuandika yaliyosemwa. Alifungulia redio ya kaseti, akasikiliza kidogo, akasimamisha, akaandika. Ubaya ni kwamba ukuta wa duka ulikuwa wa mabati, na nje walikaa wanawake wauzao maziwa ya ngamia. Siku moja mmoja wa wale wazee, Kerrow, alikuja uso umekunjamana.

"Nafiso, mwanangu," akasema, "jambo nililolisema kikaoni jana, leo nimeulizwa na mama wa maziwa. Na alinikosoa."

Nafiso aliona aibu, akamwomba radhi. Jioni ile alimwambia mumewe, "Safari yako ijayo ya Nairobi ninakuja. Nataka kibodi, nataka kipanya, nataka na hedfoni za kuvaa masikioni, kaseti niisikie peke yangu. Na nitavichagua mwenyewe."

Mahat alitazama kidole gumba chake. "Nami nitakuwapo," akasema. "Mharibifu lazima ashuhudie."

Walifikia Eastleigh, kwa binti yao Ikran, na asubuhi wakaenda kwenye duka la kijana mmoja aitwaye Ahmednoor, aliyeuza vifaa vya umeme kutoka Dubai. Duka lilikuwa jembamba, limepangwa maboksi mpaka darini. Ahmednoor aliwapa viti, akaagiza chai, akaweka kibodi tatu mezani.

"Eeddo," akamwita Nafiso, yaani shangazi, "hii ni ya ofisi, nyembamba, haina kelele. Hii ni mpya, ina vitufe vya muziki juu. Na hii..." Aliisukuma ya tatu kando kidogo. "Hii ni ya zamani, nimeipata pamoja na vitu vingine. Ni nzito tu."

Nafiso alisogeza kiti karibu na meza. Alivuta ile nyembamba mbele yake, akafumba macho, akaanza kuandika ilhali haikuwa imeunganishwa popote. Aliandika Bismillahi, akaandika Kwa Mheshimiwa, akaandika jina la mumewe. Ahmednoor alimtazama Mahat, Mahat akainua mabega.

"Hii ni kama kukanyaga godoro," Nafiso alisema na kufumbua macho. "Sijui kama herufi imeingia au haijaingia."

Akachukua ile yenye vitufe vya muziki. Kidole chake kidogo kiligonga kitufe kisichokuwa pale kwenye taipureta. Akarudia, kikagonga tena. Akaiweka kando. Kisha akavuta ile nzito, iliyogeuka rangi ya siagi kwa uzee. Alipoanza kuandika, duka zima lilisikia: tak, tak, tak, kila herufi na sauti yake. Uso wa Nafiso ukabadilika. Hakuacha upesi. Aliandika na kuandika, macho yamefumbwa, akitabasamu kama mtu aliyekutana sokoni na rafiki wa shule.

"Hii," akasema.

"Eeddo, ina kelele."

"Mteja wangu akikaa nje anataka kusikia kazi inafanywa. Zamani nilipokuwa na taipureta walikuwa wanatulia. Siku hizi wananichungulia wakidhani nimelala."

Mahat naye akasogea mezani. Sasa aliinama, akaweka kidole gumba kwenye mshale wa ile kibodi nzito, akabonyeza. Akabonyeza tena kwa nguvu. Kitufe kilishuka na kurudi, kikashuka na kurudi.

"Inastahimili," akasema kwa heshima.

"Hii hutaigusa," Nafiso alimwambia.

"Nafisooy."

"Hutaigusa. Hii ni ya mkate wetu." Kisha akaona jinsi mabega ya mumewe yalivyolegea, mtu mzima mwenye ndevu za hina, na akashindwa kuendelea kukaza uso. Akamgeukia Ahmednoor. "Mpe naye ya kwake. Ile ya godoro. Yake iwe ya kuchezea, akiivunja avunje."

Ahmednoor alifurahi, akaona biashara imefunguka. Akapanda ngazi, akashuka na boksi lenye picha ya gari. Ndani yake mlikuwa na usukani wa plastiki, mdogo kama sahani ya chai. "Adeer, kwa wapenda magari. Unaufunga mezani, unaendesha kama gari la kweli."

Mahat aliushika kwa vidole viwili. Aliuzungusha kulia, ukazunguka wote bila ubishi. Akauzungusha kushoto. Alijaribu kucheka kistaarabu lakini kicheko kilimponyoka, akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kilemba.

"Kijana wangu," akasema, "usukani usiopigana nawe si usukani. Mrudishie mtoto aliyeuacha."

Wakaingia kwenye vipanya. Nafiso aligeuza kila kimoja tumbo juu, akafungua kifuniko, akatoa kile kigololi cha mpira na kukizungusha kiganjani. Aliacha viwili ambavyo vifuniko vyake vilihitaji bisibisi. "Garissa nitakisafisha kila siku," alieleza. "Siwezi kumtafuta fundi kila siku." Alichochagua kilikuwa kinene, kimejaa mkononi, na kifuniko chake kilifunguka kwa kucha. Ahmednoor akakiunganisha kwenye kompyuta ya duka, akafungua mchezo wa karata ili akijaribu. Nafiso akavuta karata moja, akaipeleka juu ya nyingine, ikakaa. Akavuta ya pili. Akavuta ya tatu. Chai ikapoa.

"Nani sasa anayecheza?" Mahat akauliza.

"Ninapima kipanya," Nafiso alijibu, macho kwenye skrini. Alipima mpaka karata zote zikaisha.

Hedfoni ndizo zilizowachosha. Zile kubwa za ngozi zilikuwa nzuri, sauti imejaa, lakini Nafiso alizivaa juu ya mtandio wake na baada ya muda mfupi akazivua. "Kwetu joto linakaa hata ndani ya sikio. Hizi zitanipika masikio." Nyingine zilibana kichwa, mtandio ukasogea. Nyingine waya wake ulikuwa mfupi, kama kamba ya mbuzi asiyeaminiwa. Mwishowe alipata za sponji, nyepesi, utepe wake wa juu unaweza kurefushwa, na waya unafika mbali. Ahmednoor akatia kaseti ya Kurani ili azijaribu. Nafiso alisikiliza, akainamisha kichwa, akampa mumewe.

Mahat alizivaa juu ya kilemba. Macho yakamtoka.

"Nafiso," akapaza sauti, duka zima na duka la jirani likasikia, "sheikh yuko ndani ya kichwa changu."

Wateja wakageuka. Nafiso alijaribu kumwashiria ashushe sauti.

"Unasema nini? Sikusikii," Mahat aliendelea kwa sauti ile ile, "sheikh anasoma."

Nafiso alifunika uso kwa mtandio akicheka. Ahmednoor naye aliegemea maboksi. Walinunua jozi mbili za aina hiyo, maana ilikuwa wazi kwamba jozi moja ingeleta ugomvi.

Garissa mambo yakanyooka. Kaseti za wazee zikawa siri tena, na Kerrow alikuja kukaa nje ya mabati makusudi, akatega sikio, akaondoka ameridhika. Kelele za kibodi nzito zilisikika mpaka kwa wauza maziwa, nao wakawa wanajua Nafiso ana kazi nyingi au chache kwa kusikiliza tu. Siku ambazo Mahat yupo, kazi ikiisha, Nafiso alichomoa kibodi yake, akaifunika kwa kitambaa, akachomeka ile ya godoro. Mahat akavaa hedfoni zake, akaanza kugonga kuta. Nafiso hakumwelewa. Mtu anayeendesha siku nzima, anatafuta nini tena katika kuendesha? Na kwa nini anaendesha kama mwenye kichaa? Lakini hakumwuliza.

Ikapita miezi kadhaa. Amran, mwanamke aliyesimamia ofisi ya kikundi cha akina mama mjini Wajir, alipitia Garissa na kupigisha ripoti yake kwa Nafiso. Alikaa akatazama kila kitu: kibodi, kipanya, hedfoni. Alikuwa amepewa kompyuta na wafadhili, alisema, lakini vifaa vilivyokuja nayo havikudumu hata msimu mmoja.

"Nichagulie kama ulivyojichagulia," alimwomba. "Na uje mwenyewe uvifunge, umwonyeshe karani wangu. Mimi nitakulaza kwangu."

Ndivyo Nafiso alivyopanda lori la mumewe kwenda Wajir kwa mara ya kwanza maishani. Alikuwa amempelekea chakula cha safari miaka yote, nyirinyiri, ile nyama ya kukaanga inayohifadhiwa ndani ya samli, kwenye chombo na chai kwenye chupa, lakini barabara yenyewe hakuwahi kuiona. Vifaa vya Amran alivifunga ndani ya blanketi, akavipakata.

Waliondoka na msafara wenye polisi. Nyuma, juu ya magunia, walikaa abiria: wanawake wenye watoto, wanafunzi wanaorudi shuleni, mtu mmoja na mbuzi wake. Nafiso alijishikilia mlangoni akisubiri kuona yale aliyoyaona kwenye skrini. Hakuyaona. Mahat aliendesha polepole, mikono miwili kwenye usukani uliotetemeka na kupigana naye, macho yakisoma mchanga mbele. Shimo likija alilizunguka taratibu hata chai kwenye chupa haikusikika. Aliposikia mtoto analia nyuma, alipunguza mwendo zaidi.

Baada ya Modogashe walifika kwenye mkondo mkavu wa mto. Malori mawili ya mbele yalikuwa yamepita, na Nafiso alidhani nao watapita tu. Mahat alizima injini. Alishuka, akavua viatu, akauvuka ule mchanga kwa miguu, akarudi akaupita upande mwingine, akikanyaga kwa kisigino hapa na pale. Kisha akawashusha abiria wote, akavusha lori likiwa na mizigo tu, akawasubiri ng'ambo wapande tena.

Waliposhika barabara Nafiso alimtazama kwa muda mrefu.

"Kumbe unajua kuendesha," akasema.

"Ulidhani nini?"

"Niliyoyaona Garissa ndiyo niliyodhani. Kila siku nikikuona unagonga ukuta, nilikuwa nakuombea dua ukiwa njiani."

Mahat alicheka kimoyomoyo. Akabadilisha gia, akangoja mpaka lori litulie.

"Hapa nyuma nina watoto wa watu," akasema. "Tangu nianze kazi hii sijawahi kukanyaga mafuta mpaka mwisho, hata mara moja. Mguu unatamani, lakini nauzuia. Kule kwako dukani naukanyaga. Nikigonga, gari linarudi zima na hakuna mama anayelia. Nikitoka pale nahisi nimeoga."

Nafiso aliuachia mlango. Alifungua chombo cha nyirinyiri, akachukua kipande, akamlisha mumewe mdomoni kwa sababu mikono yake haikuwa na nafasi. Wakaendelea hivyo mpaka Habaswein, akimlisha, naye akimwonyesha: pale tulilala siku nne mvua iliponyesha, pale nilimwona simba, huyu mwenye hoteli ni mtu mwema lakini chai yake usinywe.

Wajir walipokelewa vizuri. Amran alikuwa amechinja. Ofisi yake ilikuwa kwenye nyumba nyeupe ya mawe, yenye dirisha dogo na ubaridi wake ndani, na karani wake alikuwa msichana mkimya aitwaye Khadra. Nafiso alifunga kibodi, nzito kama yake, akafunga kipanya, akamwambia Khadra akae ajaribu.

Kwenye kibodi Khadra alikuwa sawa. Kwenye kipanya alihangaika. Mshale ulitoroka, ukapita alama aliyoitaka, ukarudi, ukapita tena. Amran aliguna. "Ni hivyo tangu mwanzo," akasema. "Nilidhani ni vifaa."

Nafiso alikuwa akitazama si skrini bali mkono wa pili wa Khadra, ule wa kushoto, ambao ulisogea mezani kila wa kulia ulipokosea, kana kwamba unataka kusaidia.

"Abaayo, dada yangu," alimwuliza kwa sauti ya chini, "ulipokuwa mdogo ulianza kuandika kwa mkono upi?"

Khadra aliona haya. "Wa kushoto. Mwalimu alinikataza."

Nafiso alinyanyua kipanya, akapitisha waya nyuma ya kompyuta, akakiweka upande wa kushoto. Akafungua ule mchezo wa karata. "Hapa huli chakula," akasema, "huu ni mkono wa kazi tu. Vuta karata hiyo nyekundu, iweke juu ya ile nyeusi."

Khadra akamtazama Amran, Amran akamwashiria aendelee. Mkono wa kushoto ukashika kipanya. Karata ikaenda moja kwa moja, ikakaa mahali pake bila kuyumba. Ya pili ikafuata. Khadra akacheka, kicheko kifupi cha mshangao, halafu akaziba mdomo, halafu akavuta ya tatu.

"Mashallah," Amran alisema. "Miezi yote hii mimi nalaumu kipanya."

Ngozi ambazo Mahat alipaswa kubeba hazikuwa tayari, kwa hiyo walikaa Wajir zaidi ya walivyopanga. Alasiri moja, ofisi imefungwa na Amran ameenda kuswali, Mahat alimkuta mkewe peke yake mbele ya kompyuta ya Khadra. Nafiso alikuwa ameuleta ule mchezo wa magari kwenye diski, ndani ya mkoba wake, bila kumwambia mtu. Hedfoni zilikuwa juu ya mtandio. Gari jekundu lilikuwa likienda polepole sana, katikati kabisa ya barabara, na magari mengine yote yalikuwa yameshalipita.

Mahat alivuta kiti, akakaa kando yake. Aliinua sponji moja kutoka sikioni mwake.

"Nafisooy. Hapa hakuna watoto nyuma."

"Naogopa kona."

"Usiiogope. Kanyaga."

Nafiso aliweka kidole kwenye mshale, akakandamiza. Injini ikapiga kelele masikioni mwake. Milima ikaanza kukimbia. Kona ikaja, akainama upande wa kona, na Mahat naye akainama pamoja naye, bega kwa bega, viti viwili vikilia. Wakaikosa kona. Gari likapaa, likabinuka, likaanguka magurudumu juu. Nafiso alicheka mpaka hedfoni zikamteleza shingoni.

"Sasa niachie mimi," Mahat akasema.

"Ngoja," akasema Nafiso, na kidole chake kilikuwa kimesharudi kwenye mshale. "Ngoja kwanza, mara moja tu."